Jinsi Dolorita Alivyompata Mwanawe

Asubuhi zetu zilinuka mafuta ya cherehani. Mama alirudi kutoka kiwandani mimi nikiwa nimeshalala, akazitundika nguo zake za kazi kwenye kamba tuliyoifunga chumbani, na nilipoamka harufu ile ya mafuta na kitambaa kipya cha kaki ilikuwa imeshachanganyika na moshi wa jiko la mafuta taa. Tuliishi Mikindani, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, karibu sana na barabara kuu, hata malori ya kwenda Nairobi yalipounguruma kupanda mlima vikombe vyetu vilitetemeka mezani. Mama alikuwa akishona mifuko ya suruali. Si suruali, mifuko tu. Suruali zilipitia mbele yake vipandevipande, na aliwahi kuniambia kwamba miaka mitatu alikuwa hajaiona hata moja ikiwa imekamilika. Zamu yake ilianza saa nane mchana. Nilipotoka shule alikuwa ameshaondoka, na aliporudi nilikuwa usingizini, kwa hiyo tulichobaki nacho ni muda ule wa chai ya asubuhi, yeye macho mekundu, mimi na sare yangu ya darasa la tano.

Mama hakuwa mtu wa maneno. Tulikuwa tumetoka Kitui miaka michache kabla, na mdogo wangu Kyalo, aliyekuwa bado hajatimiza miaka mitatu, mama alimwacha kwa bibi kwa sababu hapakuwa na wa kumlea. Jina la Kyalo halikutajwa sana mezani petu. Siku moja, nadhani ni kwa kuuchoka ule ukimya tu, nilianza kumsimulia Dolorita.

Dolorita ilikuwa tamthilia ya kigeni iliyooneshwa kila jioni saa moja, Jumatatu hadi Ijumaa, na ulimwengu mzima wa Mikindani ulisimama kuitazama. Niliitazama kwa jirani yetu Bi Zuhura, mama mtu mzima, mwenyeji wa Mombasa hii tangu mababu, ambaye hakuwasha televisheni mpaka amalize sala ya magharibi na kuukunja msala wake. Nilipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, nikavua viatu na kukaa mkekani. Watu wa tamthilia ile walisemeshwa Kiingereza, midomo yao ikienda upande mwingine kabisa, na nisichokielewa nilikiruka. Dolorita alikuwa mtumishi wa nyumba kubwa. Mwenye nyumba, Donya Perpetua, alimnyang'anya mtoto wake mchanga na kumwambia kwamba amekufa, kisha akampeleka kwenye nyumba ya mayatima ya mbali. Donya Perpetua alipotokea, Bi Zuhura alikuwa akimwambia kwenye kioo, "Laana ya Mungu ikushukie, mwanamke we," kisha ananigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini amesema nini.

Basi kila asubuhi nilimpa mama sehemu ya jana, na mama, mtu yule asiye na maneno, akaibeba hadi kiwandani. Wanawake wa zamu yake hawakuwa na nafasi ya kuitazama, na wengi hawakuwa na mtoto wa kuwasimulia. Saa kumi na mbili jioni walipotoka kunywa chai na mihogo nje ya lango, walimzunguka mama. Alikuwa mgeni kwao, Mkamba kati ya watu wa pwani wanaokucheka ukikosea neno, na sasa walimsogezea benchi na kunyamaza wamsikilize. Nilijua hayo kwa sababu alianza kuniuliza maswali: Dolorita alivaa nini? Alilia au alijikaza? Alikuwa anataka kila kitu kwa ajili yao, na mimi nilijiona mtu mkubwa.

Ikafika Alhamisi moja. Dolorita, baada ya miezi ya kutangatanga, ameufikia mlango wa ile nyumba ya mayatima. Muziki ukapanda, akanyoosha mkono kubisha, na stima ikapotea. Mikindani nzima ilipiga ukelele. Tukakaa gizani tukisubiri, Bi Zuhura akawasha kandili, na stima iliporudi ilikuwa habari ya saa tatu, waziri fulani anakata utepe.

Asubuhi mama hakuungoja hata mkate. "Ehe, ule mlango ulifunguliwa?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema stima ilipotea. Ni maneno mawili tu. Lakini nilimwona alivyoegemea meza, uso umechangamka baada ya usingizi wa saa tano, na niliogopa ule ukimya utarudi. Nikasema ulifunguliwa. Nikasema ndani mlikuwa na watoto wengi wanakunywa uji, na mmoja aliyekaa pembeni aliinua uso aliposikia sauti ya Dolorita, akaacha kijiko, akamkimbilia moja kwa moja kana kwamba hawajaachana hata siku moja. Mama aliweka kikombe chini. Machozi yalimtoka pale pale, akayafuta kwa ncha ya leso akacheka. Sikuwahi kumwona mama akilia, na kwa ujinga wangu nikafikiri nimefanya jambo zuri, nikaongeza kwamba mtoto alikuwa amenenepa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko nyingi. Iliishia jioni ile ile langoni mwa kiwanda. Kulikuwa na mwenzake mama anayeitwa Mama Saumu, mkazi wa Magogoni, na Magogoni stima haikupotea. Binti yake alikuwa ameiona sehemu nzima. Mlango ulifunguliwa na sista mmoja mzee aliyemwambia Dolorita kwamba amechelewa, mtoto amechukuliwa na watu wengine jana yake. Mama alipofika kwenye uji na kijiko, Mama Saumu aliangua kicheko. "Mama Mwende, hiyo yako ni sinema gani?" Mama angeweza kucheka naye yakaisha. Badala yake alisimama, yeye mtu wa kanisa asiyeapa, akaapa mbele yao wote kwamba mwanawe hawezi kumdanganya. Wakamwita mwingine wa Kisauni, naye akasema yale yale ya Mama Saumu. Tangu siku hiyo wakambandika jina la Mama Porojo, na kiwandani jina likishakupata unakaa nalo mpaka ustaafu.

Mimi nililala bila kujua. Jumamosi asubuhi nilimkuta mama bombani na ndoo, anaongea na Bi Zuhura, na nilisikia Bi Zuhura akisema, "Juzi sote twalikuwa kizani, wallahi, hata mwisho hatukuuona." Mama alibeba ndoo yake hadi ndani, akaifunika, akakaa. Nilitamani anichape. Akanieleza yote, Mama Saumu, kiapo, jina, kwa sauti ya mtu anayesoma risiti.

"Si ungeniambia stima ilipotea?" alisema. "Ningewaambia wenzangu stima ilipotea." Kisha akasema, "Mimi nilifurahi bure, Mwende. Usiku nilikuwa ninapanga nauli ya kwenda Kitui kumwona mtoto."

Mchuma janga hula na wa kwao. Mama hakuacha kunisikiliza, labda angeacha ingekuwa nafuu. Nilimsimulia kama kawaida, naye akanywa chai kama kawaida, lakini kiwandani hakuzipeleka tena hadithi zangu. Alikaa mwisho wa benchi akimsikiliza Mama Saumu. Na kila nilipofika penye habari njema, barua imefika, mgonjwa amepona, aliniuliza taratibu, "Hiyo umeiona?" Nikasema nimeiona. Sehemu ya mwisho kabisa, ya kweli, Dolorita alimpata mwanawe sokoni, akamshika uso kwa mikono miwili. Niliitazama bila kupepesa, nikaibeba hadi asubuhi kama mtu aliyebeba mayai. Nilipomaliza, mama alisema "Haya," akaniongezea chai.

Kyalo aliletwa Mikindani akiwa na miaka sita. Kwa wiki mbili nzima alimwita mama shangazi.

Siku hizi nafanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na ninakaa ng'ambo ya kivuko, mtaa wa Shika Adabu, kwa hiyo jioni zangu huishia kwenye foleni ya feri. Ninachoka kwa namna ambayo mama alikuwa akichoka, ingawa sishoni kitu. Tamthilia zote za dunia ziko kwenye simu yangu. Jumapili hujilaza nikaumaliza msimu mzima, nikiruka vilio na muziki, na Jumatatu sikumbuki nani alimuoa nani. Stima ikipotea hata sijui. Mama amestaafu, yuko kule kule Mikindani na televisheni pana ukutani, na tamthilia zimejifunza Kiswahili sanifu, hahitaji mtu wa kumtafsiria. Anachohitaji ni mtu wa yeye kumsimulia. Hunipigia kila jioni, naye huanza mbali, nguo walizovaa, mvua ilivyokuwa inanyesha, nani alijikaza na nani alilia, na mimi huitika "ehe" huku najibu ujumbe wa mteja.

Wiki iliyopita joto lilikuwa kali, feri moja imeharibika, watu tumebanana, na mama simuni alikuwa akisimulia ndugu wawili waliogombana tangu sehemu ya kwanza. Nilimwambia, "Mama, nimechoka. Nielezee kwa kifupi."

"Walipatana," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.