Vidonge vya Dada Yangu

Mpiga picha ndiye aliyeanza kuniumiza. Tulikuwa Nduguti, kwenye kipaimara cha mjukuu wa kaka yetu, na pilau ilikuwa imeshaliwa. Akaniamkia, "Shikamoo bibi," akanivutia kiti cha katikati. Kisha akamgeukia dada yangu: "Na wewe mama, simama hapa nyuma ya dada yako."

Dada yangu amenizidi miaka mitatu. Yeye ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni mama akiwa shambani. Nilimsubiri amsahihishe mpiga picha. Akacheka tu, akakaza kilemba chake, akasimama nyuma yangu. Picha ile sasa ipo kwenye simu za ukoo mzima, na mimi nimenuna kama mtu aliyepelekwa barazani kushtakiwa.

Baada ya sherehe alikuja kukaa kwangu Sepuka wiki mbili. Yeye anaishi Singida mjini. Mimi nalima vitunguu tangu nilipofiwa na mume. Asubuhi ya kwanza, tukinywa chai, alitoa kopo jeupe kwenye mkoba wake, akameza vidonge viwili. Nikamuuliza ni dawa ya nini.

"Si dawa hasa, ni virutubisho. Mwanangu ananitumia." Binti yake ni muuguzi ng'ambo. "Anasema mwilini kuna seli zinazozeeka halafu zinagoma kufa. Zinakaa tu, hazifanyi kazi, na zinawasumbua wenzao. Hivi eti vinazifagia."

"Kwa hiyo vinarudisha ujana?"

"Havirudishi. Vinalenga mtu azeeke akiwa na afya. Na anasema wataalamu wenyewe bado wanachunguza."

Hayo ya mwisho yalinipita. Nilichosikia ni kwamba ile shingo yake isiyo na mkunjo ilikuwa inatoka ndani ya kopo. Tangu utotoni kila kizuri kilianzia kwake. Gauni jipya lilikuwa lake, mimi nililipata likishapauka. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alikuja nyumbani kwetu kumposa yeye. Alipokataliwa ndipo akaniona mimi. Alinipenda, sina la kusema juu yake, lakini jambo hilo sikuwahi kulisahau.

"Nigawie na mimi," nikasema, nikijifanya natania.

"Wewe una presha, mdogo wangu. Unameza dawa za hospitali, na mwanangu amekataza kuchanganya."

Nikaona ni uchoyo mtupu. Kesho yake alipoingia kuoga, nilifungua mkoba wake nikachukua viwili. Mimi ni mzee wa kanisa ambaye watu wananikabidhi sadaka. Nikavimeza bila maji. Siku iliyofuata nikachukua tena viwili, na iliyofuata. Chai ya asubuhi nikaacha, nikiamini vitafanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu. Nikawa najitazama kwenye kioo kila nikipata nafasi. Siku ya nne niliona mashavu yananing'aa, nikafurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimejipaka mafuta.

Siku ya saba nilikuwa naelekeza maji kwenye majaruba ya vitunguu, jua limeshapanda. Nikainama, nikainuka, na shamba lote likazunguka. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala kwenye tope na dada yangu amekishika kichwa changu, analiita jina langu la utotoni, lile la Kinyaturu ambalo hakuna mwingine anayelitumia tena. Alisimamisha bodaboda, akanipakia katikati, akanikumbatia kwa nyuma mpaka zahanati.

Tabibu alinipima, presha ilikuwa imeshuka sana. Akaniuliza kama kuna kitu kingine ninachotumia zaidi ya dawa zangu.

"Hakuna," nikasema.

Dada yangu alifungua mkoba, akaliweka kopo mezani. "Anameza hivi, daktari. Viwili kila asubuhi."

Nilitazama sakafu. Tabibu aliyasoma maandishi ya kopo kwa muda mrefu. Akasema hawezi kuapa kwamba ndivyo vilivyoniangusha, huenda ni jua na njaa, lakini vitu kama hivi vinaweza kugongana na dawa za presha, na nisiviguse tena. Halafu akatabasamu. "Kimojawapo cha vilivyomo humu kinapatikana hata kwenye vitunguu. Kwani mama unalima nini?"

Dada yangu alicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Tuliketi kwenye benchi la nje tukisubiri nipate nguvu.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya pili. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Ningejua utaanguka, nisingengoja." Akanifuta tope begani. "Wewe unadhani navimeza kwa ajili ya sura?"

"Kwa ajili ya nini basi?"

"Nasahau, mdogo wangu. Mwezi uliopita nilitoka sokoni, nikasimama njia panda, nisijue nyumbani ni upande gani. Nilimuuliza mwanamke mmoja, akanishika mkono kama mtoto. Mwanangu nilimwambia kwa simu, ndipo akatuma kopo. Wengine sijawaambia."

Nilimshika mkono. Nilimhurumia kweli, na niliona haya. Lakini alipogeuka kufuta machozi niliiona tena ile shingo, na wivu ukanichoma vilevile, palepale, kwenye benchi la wagonjwa. Siwezi kuandika vingine.

Jioni hiyo tulimpigia binti yake. "Mama mdogo, samahani," akaniambia, "mimi niko mbali, nilituma kile nilichoweza." Tukakubaliana kopo liwekwe kando mpaka mama yake aonwe na daktari, na kwamba nitampeleka mimi.

Sasa kila kliniki yake natoka Sepuka mapema, namkuta mjini ameshavaa, ananukia, kilemba kimekaa. Daktari anamuuliza maswali, mengine anayajibu, mengine ananitazama. Wiki iliyopita muuguzi alimsifu, akasema hafanani kabisa na umri wake. Dada yangu alishukuru kwa madaha. Mimi nilikuwa nimeshika faili lake. Nikamwambia muuguzi atuandikie tarehe ya kurudi.