Maua Nyuma ya Jiko la Mama

Maua ya porini yakifyekwa mabichi hutoa harufu chungu yenye utamu ndani yake, na harufu hiyo hukaa mikononi hata ukinawa kwa majivu. Watu wengi huipenda. Mimi hunipandisha hasira mpaka leo, na sioni aibu kusema hivyo. Nilikulia karibu na Nagongera, enzi zile mkoloni alipoamua kwamba kila boma, kuanzia Tororo mpaka Busia, lazima lilime pamba, wenyewe wapende wasipende, na kwamba boma safi ni lile lililofyekwa hadi mlangoni likabaki udongo mtupu.

Nyuma ya jiko letu alizikwa mdogo wangu wa kiume, aliyefariki kabla hajaota meno. Kwetu mtoto wa umri huo alizikwa na wanawake peke yao. Ardhi ilisawazishwa, hapakuwekwa tuta wala jiwe, hapakukaliwa matanga, na mama yake alikatazwa kumtaja tangu siku hiyo, kwa sababu kumtaja kungemwita atakayezaliwa baada yake amfuate. Mama alitii yote hayo. Lakini hakukubali mahali pale pasahaulike. Kila alipotoka mtoni au shambani alikuwa na mbegu alizofunga kwenye pindo la leso: za yale maua ya rangi ya chungwa yanayopanda ghorofa kwa ghorofa kwenye bua moja, za yale mekundu yenye ncha zilizopinda juu, za vile vidogo vya manjano ambavyo mbuzi hawavigusi. Hakutumia jembe, maana jembe halipigwi juu ya maiti. Alikwaruza udongo kwa kijiti, akazimwaga mvua za kwanza zilipokaribia, akakanyaga taratibu kwa nyayo zake.

Majani marefu ndiyo yaliyokuwa adui. Yakiachwa hufunika kila kitu, kwa hiyo tuliyang'oa kwa mkono, mimi na yeye, tukiyachambua katikati ya maua. Kiangazi alisubiri vichwa vikauke, akavikung'uta palepale, ndipo akakata mabua kwa mundu. Msimu wa tatu pakawa pamejaa, nyuki wanavuma tangu asubuhi, vipepeo wanakuja hata jikoni. Majirani walipita wakicheka kwamba Mama Athieno amekuwa mvivu, analima magugu. Athieno ni mimi. Mama alicheka nao, akaendelea kupepeta wimbi wake.

Mwaka huo Mama alikuwa mjamzito tena. Mvua zilipokolea akaja mnyapara wa chifu kukagua mashamba. Alikuwa mgeni aliyeletwa kutoka mbali, hakujua lugha yetu, akatumia Kiswahili cha barabarani. Alivaa koti zito juani na kushika kiboko, ingawa sikuona ng'ombe wa kuchapwa. Alizunguka nyumba, akasimama mbele ya maua.

"Wewe mama, hii nyasi nafanya nini hapa?"

"Si nyasi, mzee. Ni maua. Mimi napanda."

"Maua nakula? Serikali nataka pamba. Kesho hapa nalima, ama bwana yako naenda jela."

Mama alimtazama Baba. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na ndipo inapoishi. Neno moja tu lilihitajika: kaburi. Mnyapara yule, pamoja na koti lake, angerudi nyuma upesi, maana hakuna mtu, mwenyeji wala mgeni, asiyeogopa kulima kaburi. Mama hangeweza kulitamka, na mtoto mwingine yumo tumboni. Nilipofungua mdomo nilitamke mimi, aliuziba kwa kiganja chake, akanibana mpaka meno yakauma mdomo. Lakini Baba hakukatazwa na mila yoyote. Mwiko ulikuwa wa wanawake. Baba alivua kofia, akasema, "Ndiyo, mzee. Kesho nalima."

Na akalima. Mwenyewe alishika plau, mwenyewe aliwafokea ng'ombe walipogoma kwenye mizizi. Mama alikaa jikoni amefunga mlango, moshi ukimwingia puani, asitoe sauti. Jioni aliniita tukapande pamba, kwa mstari, kama serikali ilivyotaka. Ilistawi sana. Dada yangu alizaliwa salama, na kila aliyemsifu Mama kwa pamba ile nilitamani kumrushia jiwe. Sikumsamehe Baba. Alikufa akijua hivyo.

Mama aliishi mpaka akawa bibi kizee, akamaliza kuzaa, akaruhusika kusema. Alipougua mara ya mwisho alisema jambo moja tu: "Nilazeni karibu na kijana wangu." Wadogo zangu walikuja na majembe nyuma ya nyumba. Jiko la zamani lilikuwa limeshabomoka, plau imepita pale misimu isiyohesabika, na jiwe hapakuwa nalo. "Dada, ni wapi?" waliniuliza. Nilitembea huku na huku, nikajaribu kukumbuka mlango ulitazama upande gani. Nikawaonyesha. Walichimba hadi kifuani, wakakuta udongo mtupu. Watu walinifariji kwamba mifupa ya mtoto mchanga haidumu. Sikutaka kufarijiwa.

Siku hizi hapa kwetu hata mtoto wa siku moja hujengewa kaburi la saruji, akawekewa vigae na jina lake, na mama yake akalia kwa sauti mbele ya watu. Nikiyapita makaburi hayo naona wivu, kisha naona hasira. Pamba hailimwi tena pale nyumbani, na hakuna aliyewahi kurudi kutueleza kwa nini ilikuwa lazima iote palepale. Mama amelala peke yake.