Renae Skogstad na Kesi ya Njia Panda

Renae Skogstad hakugusa kesi ya mtu anayekunywa naye kahawa. Kanuni hiyo hakuitoa kitabuni, ingawa vitabu vya sheria vinasema jambo linalokaribiana nayo kwa maneno mengi zaidi. Alijiwekea mwenyewe alipoajiriwa kuwa msaidizi katika ofisi ya mwanasheria wa Kaunti ya Elgstad, kwenye tambarare za magharibi ya Minnesota, Marekani, na aliishika kama wengine wanavyoishika Jumapili. Akiletewa jalada la mtu aliyewahi kuketi jikoni kwake, alilifunga na kumpelekea mwenzake bila kusoma ukurasa wa pili.

Mkuu wake, mzee Orrin Pfeil, alimcheka sana.

"Hebu niambie, Renae, katika kaunti hii ni nani hujanywa naye kahawa? Ukifa leo, wezi wote watakuja kukubebea jeneza."

"Wabebe tu," Renae alijibu. "Ila kuwashtaki, siwashtaki mimi."

Mwaka ambao Orrin alitangaza kwamba amechoka na anakwenda zake kuvua samaki ziwani, Renae alijiandikisha kugombea kiti chake. Huko mwanasheria wa kaunti huchaguliwa kwa kura kama sherifu, na yeye ndiye anayeamua nani ashtakiwe na nani aachwe. Mpinzani wake alikuwa Kent Brandvold, wakili wa wosia na mashamba, mtu wa tabasamu lisiloisha na mkono mzito wa kupiga watu mgongoni.

Mtu wa kwanza kusimamisha bango la Renae mbele ya nyumba yake alikuwa LuAnn Weibye. Wanawake hawa wawili walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza pale Hovda, mji mdogo wenye kanisa, ghala la nafaka na duka moja la vyakula. Kila mmoja aliingia kwa mwenzake kwa mlango wa nyuma bila kubisha hodi. LuAnn alikuwa mjane, na msimu wa mavuno uliopita alikuwa amempoteza mwanawe wa pekee, Derrin. Kijana huyo aligongwa akiwa garini mwake kwenye njia panda ya barabara za changarawe, mahali pasipo na alama ya kusimama, ambapo mahindi yakikomaa dereva haoni chochote hadi afike katikati. Lori lililomgonga lilikuwa limesheheni viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari, na usukani ulikuwa mikononi mwa mkulima mmoja jirani, Gaylen Rudd. Orrin alilikalia jalada la ajali ile mwaka mzima. Alisema ataliacha mezani, mrithi wake atajua la kufanya.

Kiangazi chote LuAnn ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu kwenye magwaride ya sherehe za miji, Renae akiwa nyuma anawarushia watoto peremende, kama mgombea yeyote afanyavyo huko. Wakimaliza waliketi kwenye ngazi za nyumba wakaloweka miguu katika beseni moja. LuAnn hakutaja jina la Gaylen hata siku moja, na Renae akauona ukimya huo kuwa ni uelewano. Alifikiri rafiki yake anaijua kanuni, kwa hiyo hakuna haja ya kumtonesha kidonda. LuAnn naye alifikiri kuna mambo ambayo hayahitaji kuombwa. Ndivyo watu wa Elgstad wanavyoishi: jambo likiwa zito, wataongea juu ya mvua.

Kampeni yenyewe ilimchanganya Renae kuliko kesi yoyote. Kila mlango aliobisha ulifunguliwa. Kila mtu alimkaribisha, akamkatia kipande cha keki, akachukua bango.

"Utafanya vizuri wewe," walimwambia. "Tunakutakia kila la heri."

Wiki iliyofuata alipita barabara ile ile akakuta kwenye nyasi za mbele ya nyumba zile zile mabango mawili, lake na la Kent, yakisimama bega kwa bega kama bwana na bibi harusi. Jioni alimlalamikia mumewe, Duane, fundi wa matrekta.

"Duane, hawa watu wananitaka au hawanitaki?"

"Mama, hawa hata wakikuchukia watakufungia keki ya kwenda nayo nyumbani."

"Sasa nitajuaje?"

"Hutajua. Mimi nimekaa na wewe miaka yote hii, na mpaka leo sijui kama unaipenda kofia yangu."

"Siipendi."

"Ona sasa," alisema Duane, akaivaa vizuri zaidi.

Mwezi wa Oktoba, mavuno ya viazi sukari yakiwa yamepamba moto, wagombea waliitwa katika ukumbi wa zimamoto wajibu maswali ya wananchi. Wanaume walikuja na matope kwenye buti. Wanawake wa kanisa walileta vitafunio, na LuAnn alikuwa miongoni mwao, akizunguka na birika la kahawa. Huko mtu hasimami akauliza mbele ya watu. Swali huandikwa kwenye kadi bila jina, na mwalimu mstaafu, Bi Verna Moen, huzisoma kadi moja moja kwa sauti ya darasani.

"Swali linalofuata," alisema Bi Verna, akarekebisha miwani. "Ukichaguliwa, utafanya nini na kesi ya njia panda?"

Kent alisimama kwanza. "Jambo hili limeniumiza kama lilivyotuumiza sote," alisema. "Nitalitazama kwa moyo wangu wote, kwa haki, nikizikumbuka familia zote mbili."

Walimpigia makofi. Maneno ya namna hiyo mtu anaweza kuyasema kutwa nzima asiwe amesema uongo wala kweli, na ni aibu kwetu kwamba tunayapigia makofi.

Renae akasimama. "Mimi sitaishika kesi ile," alisema. "LuAnn Weibye ni rafiki yangu tangu utoto. Derrin nilimpakata siku aliyobatizwa. Nitaipeleka kwa mwanasheria wa kaunti jirani ya Raine, aamue yeye, na atakaloamua nitalikubali."

Moyoni aliona amemheshimu rafiki yake mbele ya kaunti nzima. Yakaja makofi machache, ya kumpigia mtoto aliyemaliza wimbo wake wa piano akiwa amekosea mahali. LuAnn aliliweka birika juu ya meza, akachukua koti lake, akatoka.

Mlangoni watu walimpa Renae mkono. "Hayo yalikuwa ya aina yake," mzee mmoja alimwambia, na Renae alikwenda na maneno hayo hadi nyumbani asijue kama amesifiwa au amezikwa.

Siku iliyofuata, dukani, alikutana na Bev Rudd, mke wa Gaylen, akichagua vitunguu.

"Asante kwa kutuonyesha uliposimama," Bev alisema.

"Nimesimama wapi, Bev?"

"Si ulisema mwenyewe ulimpakata mtoto? Basi Gaylen wangu ndiye aliyekuulia mtoto. Umeshamhukumu, umebaki kutafuta mtu wa kumchapa kwa niaba yako." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumzia bei ya vitunguu. "Haya, kila la heri na kampeni," akaongeza, akasukuma toroli yake.

Renae alibaki ameshika kopo la maharage asiyokuja kununua. Aliyarudia maneno yake ya ukumbini, neno kwa neno, kama anavyopitia ushahidi, na hakuona tusi ndani yake. Akina Rudd walimwona yuko upande wa LuAnn. Basi LuAnn, kwa nini ametoka?

Jumapili alipata jibu ambalo hakuweza kulisoma. Huko chombo cha chakula cha msiba hurudishwa mkononi, na anayekirudisha huingia ndani akanywa kikombe kimoja. Sinia la kuokea la Renae, alilopelekea tambi na nyama siku ya mazishi ya Derrin, lilikuwa limekaa kwa LuAnn mwaka mzima, na hakuna aliyekuwa na haraka nalo. Siku hiyo alilikuta katika jiko la kanisa, kwenye rafu ya vyombo visivyo na wenyewe, limesuguliwa likang'aa, na utepe wenye jina lake ukitazama juu. Njiani, alipopita kwa LuAnn, bango lake halikuwepo. La Kent nalo halikuwepo. Nyasi zilikuwa tupu.

"Nenda kamwulize," Duane alisema.

"Nimwulize nini?"

"Uliza tu, mama. Kuna nchi duniani watu huulizana."

Alikwenda mchana kweupe, akapitia mlango wa nyuma kama siku zote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaukuta umefungwa kwa ufunguo. Akabisha. LuAnn alifungua, akasimama kizingitini na aproni yake, hakumkaribisha ndani.

"Kwa nini hukuniambia kabla?" LuAnn alimwuliza.

"Nilidhani unajua. Unanijua mimi. Sishiki kesi za..."

"Za watu unaokunywa nao kahawa. Umeyasema hayo mezani kwangu mpaka nikayachoka. Nilidhani ni habari za wezi wa matairi, Renae. Sikujua na Derrin yumo."

"Nikiishika mimi, wakili wa Gaylen atasema nimefanya kwa chuki. Kesi itaharibika."

"Usinisomee sheria. Kwenye jengo lile la mahakama kuna mtu mmoja tu aliyemjua mwanangu akiwa hai. Anajua alivyokuwa akiogopa radi. Anajua hakuwahi kuendesha gari kwa fujo. Na mtu huyo ndiye anayemkabidhi mgeni wa Raine karatasi asome."

"Ndiyo sababu yenyewe, LuAnn. Kwa kuwa nilimjua."

LuAnn alimtazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha asiyoielewa. Renae naye alimtazama vivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa akitaja jambo lile lile, upendo wao kwa kijana mmoja, na kila mmoja akiliona linaelekeza pengine.

"Gazeti letu linatoka Alhamisi," LuAnn alisema, sauti imeshuka. "Waambie umefikiri upya. Sikuombi umfunge Gaylen. Hata ukiona hana kosa, nitalisikia kutoka kwako na nitanyamaza. Naomba uishike wewe tu."

Renae aliiona milango yote ya maisha yake ikisubiri jibu moja. Yangekuwa maneno machache, na nusu ya kaunti ingempenda zaidi kwa kuyasema.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

Alilifikiria swali hilo kwa uaminifu wote, na hakuiona tofauti. "Sijui," alijibu.

"Haya." LuAnn alishika kitasa. "Angalia ngazi, zina utelezi."

Wapo Elgstad mpaka leo wanaosema kanuni ya namna ile ni ubaridi wa moyo. Si kweli. Kanuni inayolegea kwa rafiki si kanuni, ni upendeleo uliovaa koti la kanuni, na maskini asiye na rafiki ofisini ndiye hulipia. Lakini Renae alikosa, na kosa lake lisifichwe: aliuambia ukumbi mzima kabla ya kumwambia mama wa marehemu. Kiangazi chote walikaa ngazi moja, miguu katika beseni moja, na hakuufungua mdomo. Aliuita ukimya huo huruma. Ulikuwa woga, na watu wa kwao wote wanao, kwa hiyo hakuna aliyemwonya.

Siku ya kura theluji nyepesi ilianguka. Renae alishinda, kwa kura chache tu. Kent alimpigia simu kumpongeza kwa uchangamfu uleule, na keki zikaletwa mlangoni. Renae aliyapitia matokeo ya mji wake mara kadhaa, akitafuta ndani yake sura ya mtu mmoja. Kura haina sura. Hakujua kama LuAnn alimpigia yeye, alimpigia Kent, au alikaa nyumbani. Hakujua hata kama waliompa ushindi walimchagua kwa kanuni yake au kwa kumhurumia.

"Umeshinda, mama," Duane alimwambia. "Cheka kidogo."

"Nimeshinda nini?" Renae aliuliza, na hakuwa akifanya mzaha.

Januari alikula kiapo, na kazi yake ya kwanza ikawa kulipeleka jalada la njia panda Raine, bila kulifungua. Mwanasheria wa huko alimshtaki Gaylen kwa uzembe barabarani. Gaylen alikiri, akatozwa faini, akanyang'anywa leseni kwa muda. Akina Rudd waliona wameonewa. LuAnn, kwa walivyosimulia watu, alisikia hukumu, akauliza kama hiyo ndiyo yote, akaondoka. Renae alijiuliza mara nyingi kama yeye angeandika mashtaka mengine. Hakupata jibu, maana jalada hakulisoma.

LuAnn alihamia kanisa la mji wa pili. Wakikutana dukani walisalimiana vizuri, wakaongea juu ya baridi, kila mmoja akamtakia mwenzake siku njema. Renae alikaa katika kiti kile mpaka alipostaafu, na kanuni yake hakuivunja. Ilimgharimu rafiki aliyekuwa naye tangu utoto, na hakupata mwingine.