Baiskeli ya Mwinjilisti na Salamu za Kilimani

Harufu ya sulusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, ina ukali unaopanda puani kabla hujajua unatoka wapi. Mwezi uliopita ilinikuta jikoni kwangu hapa Kilosa nikichambua mchele, na mikono yangu ikasimama yenyewe. Nikatoka nje na ungo wangu. Vijana wawili, msichana na mvulana, walikuwa wamepindua baiskeli kwenye kivuli cha ukuta wangu, kofia ngumu vichwani, mifuko imefungwa huku na huku ya magurudumu, wanabandika kiraka.

"Shikamoo mama," wakasema kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Mmetumwa na nani?"

Hawakutumwa na mtu. Walikuwa wameshuka na treni kutoka Dar es Salaam, wanazunguka milimani kwa raha zao. Niliwauliza tena kama ni kwa raha kweli, maana mimi njia zile nazijua, wakacheka. Msichana akanionyesha simu yake. Njia ilichorwa kwa mstari wa buluu: unapanda na mto Mkondoa hadi Kidete, unarudi Kilosa, unaelekea Zombo, halafu unakatiza msituni mpaka Mikumi. Chini ya mstari huo vilima vilikuwa vimechorwa vyote, vimesimama kama meno ya msumeno.

"Hiki cha kabla ya Zombo ni balaa," alisema. "Mama, pale kuna sehemu ya kupumzikia? Huku haionyeshi."

Swali dogo tu, lakini lilinikalisha kwenye ngazi, ungo mapajani. Naomba mnivumilie niwasimulie ninyi kwanza, kisha nitawaambia nilimjibu nini.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kianglikana, na hilo ndilo jina alilobaki nalo. Kila mtu alimwita Mwinjilisti, hata mama akiwa amemkasirikia. Tuliishi Kidete, reli mbele ya nyumba, mto ng'ambo ya reli, na mlima ukianzia nyuma ya choo. Kwa kazi ya kuzungukia makanisa madogo ya milimani alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, yenye kengele iliyosikika mpaka kwa majirani wasiopenda dini. Jumamosi jioni aliifuta na kuipaka mafuta kwanza, ndipo akang'arisha viatu vyake. Keria yake ilikuwa kiti changu. Mama aliikunjia kanga kuukuu iwe mto, na nikikaa pale nikamshika baba kiunoni, nilijiona malkia.

Mwaka ninaousema, dada yangu Yudithi, aliyekuwa mwalimu Mikumi, alipata mchumba. Harusi ikapangwa Jumamosi moja ya likizo ya mwezi wa sita. Mama alitangulia mapema kusaidia maandalizi, na mimi na baba tulikuwa tumfuate kwa treni hadi Kilosa, kisha kwa gari. Lakini masika yale Mkondoa ulikuwa umekula tuta la reli, na siku za kuondoka zilipofika treni zilikuwa bado hazijarudi. Barabara ya Mikumi nayo ilikuwa imekatika darajani, magari yanaishia ng'ambo. Yudithi akatuma neno kwa mdomo wa msafiri: bila baba kumshika mkono, yeye kanisani haingii, na atakayeona vibaya aone. Kwangu mimi alituma habari tamu kuliko zote. Gauni langu limekwisha kushonwa, jeupe, lenye utepe wa waridi mgongoni, na ni mimi nitakayemtangulia na maua.

Lile gauni lilininyima usingizi. Nilipomwona baba amekaa barazani anautazama mto, nilidhani mambo yamekwisha. Akainuka, akabonyeza matairi kwa kidole gumba, akasema, "Tutakwenda na baiskeli, mama." Alipenda kuniita mama akiwa na furaha.

Tuliondoka Alhamisi, umande ungali kwenye majani. Kutoka Kidete kuja Kilosa njia inafuata mto kwenye bonde jembamba, miamba imekusimamia pande zote mbili, na baridi ya maji inakupanda miguuni. Nyani walikuwa wamekaa juu ya reli kwa kujiachia, kwa kuwa treni hazikuwepo za kuwafukuza. Gurudumu la nyuma lililia tik-tik-tik baba alipoacha kukanyaga, na mlio ule ukaturudia kutoka kwenye miamba. Nilifumba macho niusikilize. Mpaka leo nikiusikia popote, hata sokoni, tumbo langu linajua tunateremka.

Basi, kilichoniudhi ni salamu.

Ninyi mnajua tulivyolelewa. Mkubwa hasalimiwi juu juu, na mtoto anayepita kimya mbele ya mzee habari zake zitamfikia mama yake kabla yeye hajafika nyumbani. Hilo sikulipinga. Nilichoshindwa kuelewa ni mpango wa baba. Tukiwa kwenye tambarare alipiga kengele, akainua kofia, akasema "Shikamoo mzee!" na marahaba ikatufuata mgongoni tukiwa tumeshapita. Lakini kilima kikianza, akimwona mtu yeyote mwenye mvi, alishuka. Aliegemeza baiskeli kwenye mti, akavua kofia, akaenda kumshika mkono. Habari za nyumbani, za shamba, za mbuzi, za mtoto aliyeko Morogoro. Mahali pengine aliyesalimiwa hata hakuwa mkubwa wake.

"Baba, tutachelewa," nilinong'ona.

"Mtu hasalimii wakubwa akiwa juu ya baiskeli, mama."

"Mbona yule babu wa bondeni umemsalimia ukiwa juu?"

"Yule alikuwa na haraka."

Yule babu alikuwa amekaa kwenye mkeka anasuka kikapu. Nilimwambia hivyo baba, akacheka mpaka akakohoa, ikabidi tusimame tena.

Tulilala Kilosa kwa ndugu, kesho yake tukashika njia ya Zombo. Hapo ndipo kilipo kile kilima. Wenyeji hawakukipa jina, walikiita Kilima tu, nami nilipokiona nikaelewa. Barabara nyekundu ilipanda moja kwa moja katikati ya miti, bila hata kona ya kukudanganya. Baba alisukuma, mimi nikasukuma keria kwa nyuma, harufu ya vumbi la moto na majani yaliyopondeka ikanijaa kooni. Karibu na kilele palikuwa na nyumba moja ya udongo, na mlangoni ameketi bibi mmoja mwembamba, kitenge kifuani, anapukuchua mahindi. Alikuwa ametuona tangu tulipokuwa chini. Tulipomfikia, kigoda kilikuwa kimeshatolewa, na kata ya maji iko juu yake.

Baba akashuka, maana yake akaacha kusukuma. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa."

Walisalimiana kwa Kisagara, kisha wakarudi kwenye Kiswahili kwa ajili yangu. Bibi akauliza habari za Kidete. Baba akajibu, nzuri, ila mto umekula reli. Akauliza habari za Kilosa, za kanisa, za mama yangu ambaye hakuwahi kumwona. Baba akajibu polepole, neno, kimya, neno. Nikaona salamu zinafika mwisho, nikasimama nikashika keria. Bibi akapukuchua gunzi zima, kisha akamtazama baba usoni, akasema, "Haya. Na za Kidete?"

Nilijua kusahau kwa wazee, lakini huku kulinizidi. Baba alijibu tena kama ndiyo kwanza ameulizwa. Mto, reli, nzuri. Bibi akaitikia vizuri, akachukua gunzi jingine, na baada ya muda, "Na za huko Kidete, hawajambo?"

Utepe wa waridi ulikuwa unanielea machoni. Nikasema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia, "Bibi, umeshamuuliza hizo."

Baba akanigeukia kwa macho ya kunikanya. Bibi hakukasirika. Alinivuta karibu, akanimiminia punje chache za mahindi kiganjani ili kinywa kipate kazi. "Nimemuuliza, mjukuu wangu," akasema. "Na nitamuuliza tena."

Akamuuliza tena. Jua lilikuwa limeshageuka tulipoondoka pale. Mimi nilinuna mpaka juu ya kilima.

Upande wa pili ulikuwa mteremko mkali, na breki za baiskeli yetu zilikuwa za kuombea. Baba akakata tawi kubwa la mti, akalifunga kwa kamba nyuma ya keria ili likokote ardhini litushike, kama wanavyofanya wabeba mkaa. Likavuma, likarusha kokoto, na nyuma yetu likafagia barabara yote. Tulishuka tunapiga kelele wote wawili, baba zaidi yangu, na kununa kwangu kukaishia hapohapo. Kwenye daraja lililokatika vijana waliibeba baiskeli begani kuivusha, wakamshika baba mkono kwenye mawe bila kuombwa. Tukalala Zombo. Kutoka hapo ilikuwa ni miti na miti, kivuli chepesi, mavi ya tembo njiani yakiwa bado yanafuka mvuke, na baba akiimba kwa sauti nzito ili wenye msitu wajue tunapita. Tulikutana na wafugaji na kundi lao la ng'ombe, barabara nzima pembe tupu. Palikuwa na mwinuko, basi baba akashuka, akamsalimia kila mmoja wao. Nilimwuliza kama na ng'ombe pia tutawapa mikono.

Tuliingia Mikumi Jumamosi, kengele ya kanisa ikiwa imeshapigwa. Yudithi alikuwa amesimama nje na shela lake, mikono kiunoni, kama alivyoahidi. Kwaya ndani ilikuwa imerudia wimbo mmoja mpaka waimbaji wanatazamana. Mama alitoka mbio, akaona baiskeli, akaona vumbi kwenye kope za baba, na uso wake ukabadilika. "Mmekuja na hiyo?" aliuliza. Baba akamwambia, "Baadaye, mama Yudithi." Akavaa koti lililokuwa limekunjwa kwenye mfuko, mimi nikavalishwa gauni langu nyuma ya gari, utepe ukafungwa, tukaingia.

Na hapo kanisani, mbele ya watu wote, baba alinitia aibu niliyodhani sitapona. Akiwa amemshika Yudithi mkono, katikati ya ule wimbo, alisimama penye benchi la nyuma akamsalimia bibi mmoja. Shikamoo, akampa mkono, akauliza hali. Hatua chache, akasimama tena. Mimi mbele yao na maua yangu sikujua niende au ningoje. Watu wakaanza kucheka kwa upendo, mchungaji naye akafunika mdomo kwa kitabu. Kwaya ikarudia ubeti. Kisa hicho kimesimuliwa kwenye kila sherehe ya ukoo wetu tangu siku ile: Mwinjilisti aliyesalimia kanisa zima huku bwana harusi anatoka jasho. Mimi mwenyewe nakisimulia vizuri, naigiza na sauti. Ninalokumbuka pia, ingawa halimo kwenye kisa, ni kwamba mama hakucheka. Alikaa benchi la mbele, leso mdomoni, anahesabu kila hatua yake kwa macho.

Baba alituacha mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Alikuwa amelala mchana, na hakuamka. Baada ya mazishi mama alitukalisha mimi na Yudithi akatuambia kwamba kabla ya ile harusi daktari wa Kilosa alikuwa amempima moyo, akamwambia umechoka, vilima na mizigo basi. Baba alimwapisha mama asimwambie mtu, kwa sababu Yudithi angesikia, angeahirisha kila kitu akaja kukaa kando ya kitanda. Ndipo nilipoelewa kwa nini alishuka kwenye miinuko tu. Nililia kwa zile salamu kuliko nilivyolia kaburini. Nampenda mtu yule, na ningempenda hata kama angelala njiani tukaikosa harusi.

Nilidhani hapo nimeelewa yote. Nimeishi miaka mingi nikiamini ile ilikuwa siri ya baba peke yake, aliyoificha kwa ustadi chini ya adabu. Mpaka msichana wa watu, mikono imejaa sulusheni, aliponiuliza kama kilimani kuna pa kupumzikia. Nikamwona tena yule bibi na magunzi yake. Alimtazama baba anapanda tangu chini kabisa, akatoa kigoda, akatia maji kwenye kata. Mwanamume mzima, mwinjilisti, mbele ya mtoto wake, asingekubali kuambiwa pumzika. Kwa hiyo hakumwambia. Alimwuliza habari za Kidete, akaendelea kumwuliza mpaka pumzi iliporudi.

"Ipo," nikamjibu. "Karibu na kilele, nyumba ni moja tu. Mwenyewe niliyemjua hayupo tena, lakini wajukuu wake wapo. Mshuke, muegemeze baiskeli, mtoe shikamoo vizuri."

"Na tukimaliza salamu tuendelee tu?" mvulana akauliza.

"Hamtamaliza upesi," nikamwambia. "Mkifika mwisho, watawauliza upya habari za mtokako. Nanyi mjibu."