Dengu na Papa

Kule Palma ukuta mmoja tu ulitenganisha nyumba yetu na ya jirani. Machoni pa watu, sote tulikuwa Wahindi, lakini wenyewe tulijuana. Wazee wetu, Waislamu, walitoka kisiwa cha Diu, kwa wala samaki. Wazee wa jirani walikuwa Wabaniani wa Gujarati, hawali chochote chenye damu. Basi babu yangu alimwita Dengu, naye akamwita babu Papa, kwa ajili ya papa mkavu tuliyemwanika uani.

"Papa, leo umezika nani humo ndani?"

"Njoo ule, Dengu, upate nguvu za kupiga kelele."

Walitaniana hivyo tangu ujana wao. Mke wa jirani alipofariki, babu alikataza samaki kwetu siku zote kumi na tatu za matanga yao. Mimi nilinuna, kwa kuwa sipendi mboga hata leo.

Vita vilipotutawanya tukaangukia mji wa Pemba, kusini mwa pwani yetu, chumba kimoja, tusijue jirani kaenda wapi. Wageni wetu wote walimwita babu "mzee", kwa adabu. Akaugua, akakataa hata uji. Siku ya nne akauliza, "Dengu yuko wapi?"

Nikasikia kwamba Wabaniani wengine wa Palma wamefikia kwa ndugu zao wenye maduka, nikaenda kumtafuta. Mbele ya duka la kwanza ndipo nilipotambua, na aibu ikanichoma, kwamba miaka yote ile sikuwahi kulijua jina lake.

"Namtafuta Mzee Dengu wa Palma."

Kijana wa dukani akakunja uso, akaniita bibi kwa Kireno. "Senhora, huku watu hutuita sisi sote Dengu. Umekuja kununua au kututukana?"

Duka la pili vilevile. Kwenye la tatu hasira zilinipanda, maana subira sikujaliwa.

"Kama yumo humo ndani," nikasema kwa sauti, "mwambieni Papa hali chakula."

Nyuma ya pazia kiti kikaburuzwa.

"Papa ana nini?"

Akatoka na fimbo yake, miguu mitupu, amekonda. Nililia palepale dukani, sikujali.

Tulipofika kwetu alisimama mlangoni, akaziba pua, ingawa chumbani hapakuwa na samaki hata mmoja.

Babu akafumbua macho, akamtazama sana.

"Lete uji," akaniambia.