Safari za Kamioneti Iliyosimama

Kamioneti ya baba ilisimama miaka minne chini ya mparachichi, kwetu Mapendo, mjini Goma, na katika miaka hiyo tulisafiri nayo kuliko ilipokuwa ikitembea. Najua maneno haya yananuka uongo. Lakini mimi nilikuwemo, kiti cha kulia, cha abiria, na hata leo nikifumba macho naiona barabara ya Rutshuru kona kwa kona.

Baba alikuwa akileta maharagwe kutoka Rutshuru kuja kuuza Goma. Asubuhi moja aliamka upande wa kuume umekufa, mkono na mguu. Maneno yalimrudia baada ya miezi michache. Mkono na mguu havikurudi. Tulipochoka kumwona akikodolea ukuta macho, mama na mimi tulimpandisha kwenye kiti chake cha dereva, angalau apate upepo. Nilikaa kando yake asije akaanguka. Akashika usukani kwa mkono wa kushoto, akakanyaga ambreyaje, ile pedali ya kushoto, kisha akanitazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala pale kama mzigo wa mtu mwingine. Nikanyoosha wangu, nikauweka juu ya pedali ya mafuta. Akasema tutoke.

Tangu siku ile ikawa desturi yetu ya kila alasiri. Yeye usukani na ambreyaje, mimi mafuta, breki na kubadilisha vitesi, zile gia. Akinionya kwamba Kibati kuna ng'ombe barabarani, nilikanyaga breki. Tukipanda Kibumba aliteremsha sauti kwa sababu ya ukungu, na mimi niliuona huo ukungu, mweupe, ukipita juu ya kioo ambacho kweli kilikuwa na vumbi tu na majani makavu. Kuku waliotaga nyuma ya kiti ndio walikuwa abiria wetu. Mama aliuliza kutoka jikoni tumefika wapi, na akisikia ni Kibumba alituagiza tusithubutu kurudi bila viazi. Nilikuwa msichana mkubwa, ningeweza kuona haya. Sikuona. Nilikuwa na furaha, basi.

Mwaka wa nne mchuuzi mmoja wa maharagwe alituletea habari za koko, mama yake baba, aliyekaa mlimani kupita Rutshuru. Watu walikuwa wamemwambia kwamba mtoto wake alikufa zamani na sisi tunaficha. Yeyote aliyekataa alimwita mwongo, na chakula alikuwa anakigusa tu. Mama akashauri baba apelekwe haraka kwa lori la mtu, juu ya magunia, koko amwone kwa macho yake. Baba alisukuma kando kikombe chake cha chai.

"Nilitokaka kwa mama nikishika volan," alisema, mkono wa kushoto ukizungusha usukani hewani. "Siwezi rudia kwake sawa gunia ya maharagi."

Basi tukamwita fundi, mzee aliyewahi kutengeneza malori ya jeshi katika kambi ya Katindo. Aliizunguka kamioneti mara tatu, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kutoa pole. Siku zile zimebaki kichwani mwangu kama ndoto ndefu yenye harufu ya mafuta. Panya walikuwa wamekula nyaya. Katika chujio la hewa kulikuwa na kiota, kimefumwa vizuri hata fundi akakiweka juu ya ukuta badala ya kukitupa. Mafuta ya zamani yalitoka kwenye tangi mazito, mekundu, yakinuka kama rangi ya viatu. Tulipoinua magurudumu kwa jeki, vibonde vinne vilibaki katika mchanga mweusi, na kuku tuliowahamisha wakaenda kulala humo, wamenuna.

Kilichotuchelewesha ni maji. Fundi alileta betri kutoka kwake lakini ilikuwa imekauka, naye hakutaka kusikia habari ya maji ya ziwa wala yale ya kwenye bati, ambayo huteremka na majivu ya mlima wa moto. Alitaka mvua iliyoanguka moja kwa moja ndani ya beseni, na sisi tulikuwa katikati ya kiangazi. Tukaweka beseni uani tukangoja. Niliamka kila asubuhi nikatazama mbingu, nikimwomba koko asife kabla ya wingu. Wiki mbili zikapita. Alasiri tuliendelea kusafiri, lakini baba alikuwa na haraka sasa, na mara nyingi tulifika Rutshuru kabla chai haijaiva.

Mvua ikanyesha. Betri ikanywa, fundi akaenda kuichaji. Mtambo ulikohoa, ukazima, ukakohoa tena. Fundi alikuwa bado ameinama akitafuta ubaya, na baba, pale kitini, akasema kwa kusikia tu kwamba buji ya tatu, plagi ya kuwashia mafuta, imelala. Ilikuwa ya tatu. Gari lilipowaka sawasawa mama alilia waziwazi, aproni usoni. Mimi niliogopa. Safari zetu hazikuwa na kelele.

Njia kuu mama alimpa fundi aendeshe, na hakukuwa na mjadala. Baba alivaa abakosti, suti yake ya sikukuu, akakaa mlangoni upande wa pili kama mgeni, mimi nikiwa katikati. Kibumba hakukuwa na ukungu hata kidogo, nikadhani tumepotea. Tulipoiacha njia kuu, kwenye kijia kinachopanda kwa koko, baba alisema fundi asimamishe.

"Fundi, shuka. Sasa niko nafika kwetu."

Fundi alinitazama, nikamwambia tumezoea. Akatusaidia kumhamisha baba, akapanda nyuma kwenye bodi akimwita Mungu. Baba akakanyaga, nikakanyaga, na kwa mara ya kwanza migomba ikaanza kutembea.

Koko alitoka nje kwa ajili ya kelele. Aliuona mkono wa baba juu ya usukani, akaja mpaka dirishani, akamshika uso kwa viganja viwili.

"Balinidanganya," alisema. "Mutoto wangu iko anaendesha."

Baba alitokwa na machozi. Kisha koko aliniona mimi, nimekaa wima, sijashuka kumwamkia.

"Na wewe, mukubwa vile, hauwezi shuka kusalimia koko?"

Breki ya mkono ilikuwa haishiki, tulikuwa kwenye mteremko, na fundi alikuwa bado anatafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Nilimwomba koko anisamehe, nisimwambie breki iko chini ya mguu wa nani. Aliwageukia majirani akawaambia wote kwamba watoto wa Goma hawana adabu. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na sijawahi tena kusemwa vibaya mbele ya watu nikafurahi namna ile.