Fungu la Mjomba Kyungu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, Jumamosi moja ya majira ya mvua, saa kumi na dakika ishirini za alasiri, nilimkuta mjomba wangu Kyungu akinywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, nyuma ya nyumba ya mwanamke aliyeipika. Saa naijua kwa sababu gari-moshi lake lilikuwa limetoka kupiga honi ya kuondoka stesheni, na siku hiyo, tofauti na siku nyingi, halikuchelewa. Mwaka siwezi kuutaja kwa hakika. Wabelgiji walikuwa wangali wakitawala, na kule Base, kambi ya kijeshi ya Kamina, ndege zilishuka kila siku.

Mjomba alitia makaa kwenye injini. Alikuwa ametoka Jumanne alfajiri na ndiyo kwanza alikuwa anarudi, uso mweusi wa masizi, kikombe cha bati mkononi. Si kikombe cha kwanza, nadhani, maana alipojaribu kusimama aliushika ukuta. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi.

“Eh, mama wa madaftari!” aliniambia. “Macho yako iko na mudomo?”

“Hapana, mujomba.”

“Muzuri. Pasta akijua, batanitosha mu kwaya, batanifukuza kabisa. Na nkambo yako atalia mpaka mwezi ingine.”

Akanijazia karanga mkononi, nyingine akazitafuna yeye ili kuua harufu. Nilizila zote kabla ya kufika nyumbani, na kwa kuzila nikawa nimekubali kunyamaza.

Niliishi kwa Nkambo, bibi yangu mzaa mama, kwa kuwa baba alikuwa mwalimu Kaniama na alitaka nisome Kamina. Nkambo alikuwa Mmethodisti asiyekosa ibada, lakini pia alikuwa mama wa mapacha, na kwetu Waluba mambo hayo mawili hukaa katika nyumba moja bila kuulizana maswali. Pacha wa kwanza kuzaliwa huitwa Kyungu, wa pili Kabange. Majina hayo huja nao, hakuna anayeyachagua. Tena kuna sheria ambayo sikuwahi kumsikia mtu akiibishia: anachopewa mmoja, mwingine apewe. Ukimnyima, anakasirika. Na pacha akikasirika hapigi kelele. Analala, na katika usingizi anarudi kule walikotoka.

Nkambo hakuwa ameisikia tu hadithi hiyo. Dada yake alizaa mapacha, mmoja akanunuliwa kitambaa na mwingine akaambiwa asubiri mavuno. Hakuyaona mavuno. Kwa hiyo wajomba zangu, watu wazima wenye ndevu, walikuwa bado wakigawiwa samaki kwa kupimwa na macho ya mama yao. Kabange alipopata shati, Kyungu alipata shati.

Kabange ndiye aliyekuwa na kifafa. Jumanne ile ile Kyungu aliyoondoka, Nkambo alimpeleka zahanati, na mimi nikaenda nao ili nisome kitakachoandikwa. Muuguzi, mtu mwembamba aliyesema polepole kama anayefundisha, alitoa kidonge kimoja kwenye kopo lake, akamtazama Kabange akikimeza, kisha akahesabu vingine thelathini kwenye bahasha.

“Kila asubuhi kimoja, kisha uji. Na pombe, hapana. Hata ya kulamba. Hii dawa na pombe havikai mu tumbo moja.”

Nkambo alicheka. “Huyu? Huyu hata munkoyo inamulewesha!” Munkoyo ni kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho kwetu hata watoto hupewa.

Muuguzi naye alicheka. Hakuuliza kama kuna mtu mwingine atakayemeza dawa hiyo. Angeulizaje?

Jumamosi ile Mjomba Kyungu aliingia nyumbani kama saa kumi na moja, amenawa uso, anatembea kwa uangalifu mkubwa. Nkambo alikuwa amemsubiri na bahasha mapajani. Aliniita.

“Hesabu. Kabange alikula ngapi toka Jumatano?”

“Ine, Nkambo.”

“Tosha ine ingine. Ya Kyungu.”

Mjomba alishtuka. “Mama, minyi sina kifafa.”

“Nani alisema iko na kifafa? Siku ine ndugu yako anapata, weye haupate. Unataka nikuzike?”

Ningependa kuandika kwamba sikujua. Nilijua. Maneno ya muuguzi nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kukariri, na lutuku nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nilijiambia maneno yale alipewa Kabange, si Kyungu. Nilijiambia pia kwamba nilikuwa nimeahidi. Nikavitoa vidonge vinne, nikavipanga juu ya kifuniko cha sufuria, nikavihesabu mara mbili ili nisikosee.

Na mjomba, ambaye siku nyingine angebishana na mama yake mpaka majirani wacheke, siku hiyo hakutaka kabisa kufungua kinywa karibu na pua yake. Alivitupa vyote mdomoni mara moja, akanywa maji akiwa ameangalia ukuta, akaenda kulala.

Haikupita saa moja Kabange akasema chakula kiko tayari, amwamshe ndugu yake. Akamtikisa. Akamtikisa tena. Kyungu alikuwa amelala chali, mdomo wazi, akikoroma kwa sauti nzito ambayo ilikatika, ikakaa kimya, ndipo ikarudi. Nilianza kuhesabu ule ukimya. Mwanzoni nilifika sita. Baadaye nilifika kumi na moja.

Nkambo alimwita jirani yake, mama mzee aliyekuwa pia na mapacha. Walimtazama wakaelewana bila kusema.

“Amekasirika,” alisema jirani. “Munamunyima kitu gani?”

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka siwezi kukaa kwenye kiti. Bibi yangu alianza kumletea mwanawe kila alichopata Kabange. Alimfunika shati jipya la Kabange juu ya lake. Akamwekea kipande cha samaki karibu na mkono, na mkanda, na sabuni nusu. Kila kimoja alikitaja kwa sauti ya kubembeleza, “Hii yako, tata, baba yangu. Na hii yako.” Kyungu alikoroma, akanyamaza. Nikafika kumi na tatu.

Ghafla Nkambo alijipiga paja. “Kidonge ya kopo! Ile munganga alimupa mbele yetu! Kabange alikula tano, Kyungu ine!” Akanigeukia. “Weye unajua kuhesabu. Njo vile ao hapana?”

Ndivyo ilivyokuwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu. Alitoa kidonge cha tano, akakiponda kwa kijiko ndani ya kikombe cha maji, na jirani akamwinua Kyungu kichwa. Mikono ya Nkambo ilikuwa thabiti kabisa. Alikuwa amejua sasa ni nini kinachomuua mtoto wake, na dawa alikuwa nayo mkononi.

“Alikunywa lutuku!”

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Kijiko kilisimama.

“Nani?”

“Mujomba. Nilimuona. Alikunywa mingi, Nkambo. Munganga alisema havikai mu tumbo moja.”

Kofi lilinipata kabla sijamaliza. “Mutoto yangu anaimba mu kanisa! Hanywe!”

Ni Kabange aliyetuokoa. Aliinama juu ya ndugu yake, akanusa kinywa chake, akainuka, akakichukua kikombe mkononi mwa mama yake, akamwaga maji yale nje. Kisha akakimbia. Yeye aliyekatazwa kukimbia kwa sababu ya ugonjwa wake, alikimbia mpaka zahanati, akarudi na muuguzi na machela.

Muuguzi alimgeuza Kyungu ubavu, akamsafisha kinywa kwa kidole, akauliza jambo moja tu: “Alikunywa nini leo, yote?”

Jirani alitazama chini. Nkambo alitazama ukuta ule ule mwanawe aliokuwa ameutazama. Nikajibu mimi: vidonge vinne saa kumi na moja; lutuku kuanzia saa kumi au kabla, vikombe sijui vingapi. Muuguzi hakumgombeza mtu. Yeye na Kabange wakambeba, nami nikafuata nimeshika bahasha.

Baadaye, chuoni nilikosomea tiba, nilisoma jinsi dawa ile inavyofanya kazi. Huutuliza ubongo ili usiwake kifafa. Pombe nayo huutuliza. Zikikutana hazijumlishwi kama mimi nilivyojumlisha juu ya kifuniko cha sufuria. Kila moja huikuza nyingine, mpaka mwili unasahau hata kuvuta pumzi. Mistari minne tu katika kitabu, na niliisoma nikiwa nimeshika kifua changu.

Lakini kitabu hakikueleza jinsi sisi tulivyofika pale. Watu ninaowasimulia husema haraka kwamba ni imani ya bibi. Sikubaliani, au sikubaliani kabisa. Nkambo aliogopa kwamba pacha mmoja angelala asiamke, na hilo karibu litimie kama alivyolisema. Alichokosa ni habari moja, na habari hiyo tuliificha watu wawili: mmoja kwa kuogopa kwaya, mwingine kwa karanga. Hata leo, mtu akiniambia anatumia dawa, siwezi kumuuliza kama hunywa pombe. Swali hilo humfanya mtu ajitetee. Mimi huuliza kama muuguzi yule: umekunywa nini leo, yote? Na bado silali vizuri, nikiwaza ambacho hakuniambia.

Kesho yake, Jumapili, tulifika zahanati kabla ya kengele ya kanisa. Mjomba Kyungu alikuwa macho, ameegemea ukuta, macho mekundu, ana aibu. Muuguzi, aliyekuwa amekaa naye mpaka asubuhi, alisema anaweza kula kidogo. Nkambo alifungua kitambaa chenye bukari, ugali wa kwetu, ya jana, akammegea kila mmoja, sawasawa. Ndipo ikafika zamu ya kidonge cha Kabange. Alikitoa kwenye bahasha, akakishika, asimpe. Alimtazama Kabange, akamtazama Kyungu, akakirudisha kwenye bahasha, akakitoa tena. Aliogopa kumpa wa pili, na aliogopa kumnyima.

Nilimega bukari kidogo, nikaiviringisha kati ya vidole mpaka ikawa duara, nikaibonyeza iwe bapa, nikailinganisha na kidonge. Ilizidi kidogo. Nikaipunguza. Kisha nikamwekea Nkambo kiganjani, kando ya kile cha Kabange, naye akaviangalia vyote viwili kwa muda mrefu, akijua vizuri kipi ni kipi, akawapa wanawe wameze pamoja.